Mume wangu anafukia kinamasi, mama anamwombea dua

Shangazi mshauri, shikamoo, nisikilize upesi kwa sababu redio inasema kimbunga kingine kipo njiani na mimi sipati hata lepe la usingizi. Mume wangu ni dereva wa katapila, anang'oa mikoko na kufukia kinamasi kilicho kati ya bahari na nyumba ya mama yangu ili ijengwe hoteli, na zamani bahari ikichafuka maji yalikuwa yakiishia humo kwenye mikoko, sasa hayana pa kwenda, yanaingia moja kwa moja sebuleni kwa mama, na mara ya mwisho tulimkuta amekaa juu ya meza amekumbatia kuku wake. Basi anayekwenda kumvutia maji kwa pampu ni nani? Mume wangu huyohuyo! Tena anamletea kifusi cha kazini cha kujazia uani, na mama anamshika mikono, "Mkwe kama wewe hapatikani, Mungu akupe maisha marefu," nami nimesimama na fagio naitikia amina. Nikimsema mume wangu ananijibu, "Mama watoto, kwani kimbunga nimekileta mimi?" Jumatatu anaanza kipande cha mwisho, nyuma ya choo cha mama, na mama hataki kuhama, anasema mkwe yupo, hajui kwamba anayefukia ni mkwe huyohuyo. Je, nimwambie mama ukweli, au ninyamaze ndoa yangu isivunjike?

Mke wa Katapila

JIBU

Marahaba, Mke wa Katapila. Pole sana mwanangu, lakini acha nikugombeze kidogo. Unaniuliza habari za ndoa wakati mama yako anakaribia kulala majini!

Kimbunga hakukileta mumeo, hilo kweli. Lakini mikoko ndiyo iliyokuwa ikiyavunja nguvu mawimbi, na lile tope mnaloliona uchafu ndilo lililokuwa likiyameza maji. Ukilifukia, maji hayapotei, yanatafuta mlango wa mtu. Na hicho kifusi cha uani, hamjui kinayasukuma kwa jirani? Jirani naye atajaza kwake, maji yaende nyumba ya tatu. Mtazungushana hivyo mpaka lini?

Sasa sikia. Leo hii mhamishe mama, alie, anune, mbebe na kuku wake. Akishatulia, mwambie ukweli, mumeo akiwa amekaa hapohapo, asije akausikia kwa majirani. Mumeo amwambie msimamizi wake kwamba kipande hicho hakigusi, na wewe wakusanye majirani wote mwende ofisi ya mtaa kabla ya Jumatatu. Usiende peke yako, utaambiwa urudi kesho. Mumeo atalalamika kwamba atafukuzwa. Huenda kweli akafukuzwa, sikudanganyi. Lakini katapila linatakiwa hata kwenye barabara, mama mwingine mtamtoa wapi?

Na mama akianza tena kumwombea mkwe wake kabla mashine haijazimwa, wewe funga mdomo. Mwache mumeo aisubiri hiyo amina.