Elfu Thelathini na Thelathini na Moja

Uvira, tarehe 4 Mei 2001

Shemeji Hyacinthe,

Salamu nyingi kutoka kwetu Uvira. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Bujumbura. Sisi tupo, Mungu anatuhurumia. Tumerudi nyumbani, mabati yamechukuliwa, lakini kuta zimesimama. Mama yenu Florentine bado anaumwa miguu.

Alinieleza kwa nini hukuja kumlilia kaka yako. Ulimwambia kwamba Emery alikufa akiwa amekukasirikia, na mtu hamlilii aliyemfukuza. Sikukulaumu. Ile siku ya kupokea wakwe zako naikumbuka. Emery alikuwa ameeleza hesabu yake: zidisha mbili, tatu, tano, saba, kumi na moja na kumi na tatu, ongeza moja, unapata 30031. Hizo zote zikiigawa, moja inabaki. Basi, akasema, hakuna namba itakayoigawa. Ulimjibu kwa upole kwamba huenda ipo nyingine kubwa zaidi, ni lazima kutafuta. Akakuuliza kama diplome yako uliinunua sokoni Mulongwe pamoja na samaki wa ndagala. Wakwe wakacheka. Hukumaliza hata chakula, ukaondoka.

Tulipokimbilia Rurambo kwa sababu ya vita, mfugaji mmoja alitupa chumba. Emery hakuwa na shule ya kufundisha, akaanza kuigawa ile namba kwa makaa kwenye ubao wa mlango. Alianza na kumi na saba, akapanda. Alitaka kukuonyesha kwamba ulikosea. Nilikuwa nachambua maharage alipofika hamsini na tisa. Hakikubaki kitu. Akafuta kwa kiganja, akarudia. Ikatoka tena mia tano na tisa, kamili. Alikaa chini akaniambia, "Mama Noella, mudogo wangu alikuwa na haki. Niliwachekesha watu juu yake bure."

Kuna jambo ambalo sikulisema kilioni. Niliwaambia watu kwamba Emery alishuka Bwegera kutafuta mchele, kwa sababu niliogopa ungeubeba mzigo usio wako. Mchele tulikuwa nao. Alishuka kutafuta wale wamama wafanyabiashara wanaovuka kwenda Bujumbura, awape neno wakuletee. Nilimsihi asubiri njia itulie. Alisema aliyetukana mbele za watu asikawie kuomba msamaha. Risasi ilimkuta barabarani kabla hajawafikia. Ilitoka upande gani, hakuna anayejua.

Kwa hiyo neno lake nalileta mimi: anakuomba msamaha. Hakufa na hasira, shemeji. Alikufa akikutafuta.

Mama amekataa kumaliza kilio bila wewe. Njoo, hata kwa siku moja. Noella anauliza kama kweli unafanana na baba yake. Nimemwambia atajionea mwenyewe.

Wasalimie jirani zako wote. Bwana akulinde njiani.

Ni mimi shemeji yako,
Pélagie