Verlene Gaither na Vyombo Walivyovizoa Mlima Nebo

Mwaka umezunguka, Verlene, tangu ulipotuacha alfajiri ile ya Januari, njiani, ndani ya gari la wagonjwa, kwa sababu wakubwa waliifunga hospitali ya kaunti yetu wakaona safari ndefu si kitu kwa mtu anayetafuta pumzi. Mumeo Hosea hajawasamehe. Mchungaji alimwomba neno hilo lisitoke kwenye tangazo hili la kumbukumbu. Limetoka.

Ulikuwa mpishi wa shule, na hakuna mtoto wa mji huu aliyepita dirishani kwako akaondoka na sahani nusu. Nyimbo uliziimba ukikosea maneno, kisha ukawakasirikia walioimba sawasawa. Kahawa uliinywa ikishapoa. Ukikasirika ulimwita mumeo "Bwana Gaither", na mwaka huu wote hakuna aliyemwita hivyo. Amewaambia watoto hata hasira zako anazitaka.

Siku ya Dokta King, mapumziko ya Januari ya kumkumbuka mpigania haki zetu watu weusi, ilikuwa yako. Ulikuwa msichana wa shule ulipoandamana kudai haki hizo, wakakufungia wewe na wenzako kwenye mabanda ya maonyesho ya ng'ombe, na tangu hapo ukasema mtu hakumbukwi kwa kukalia kiti. Basi kila Januari uliwatoa watu vitandani. Kunde, sukuma na mkate wa mahindi vikaenda kwa wazee wasiotoka nje, kisha reki mkononi hadi makaburi ya kanisa letu la Mlima Nebo.

"Leo ni mapumziko, mama," mumeo alikuwa akilalamika.

"Mapumziko ni kesho."

"Kesho ni kazini!"

"Basi umeyakosa. Shika reki."

Mwaka huu siku hiyo imechukuliwa na Diwani Alvin Pettiway. Ndiyo, Alvin yuleyule wa Mlima Nebo, uliyekuwa ukimwongezea mkate. Ameunda kamati. Kamati ikaandaa chakula cha asubuhi chenye hotuba ndefu mpaka mayai yakapoa mezani. Kisha wakawapa wageni wenye moyo mzuri fulana za njano zenye jina lako mgongoni, wakawapeleka makaburini kusafisha. Hakuna aliyewaeleza chochote. Mumeo aliambiwa apumzike nyumbani, aje saa sita kupigwa picha.

Wewe unajua kilichokuwa juu ya makaburi yale, lakini anayesoma hapa huenda hajui. Watu wetu wengi hawakupata jiwe. Marehemu aliwekewa alichokitumia mwisho: kikombe, taa, sahani, saa ya ukutani. Kilitobolewa au kupasuliwa kwanza, ili kifo kikatike hapo kisirudi kuchukua mwingine wa nyumba ile. Magamba ya chaza yakapangwa kandokando. Hayo ndiyo majina yao. Mtoto wenu wa kwanza, Joylene, aliyeishi wiki chache tu, ana bakuli jeupe la kioo lililofunikwa kifudifudi, na hakuna kingine duniani kilichoonyesha alipolala.

Mumeo alipofika na suti yake, makaburi yalikuwa matupu kama uwanja wa mpira. Majani yamezolewa, na kila kilichokuwa juu ya ardhi kimezolewa pamoja nayo. Lori la taka lilikuwa langoni, limejaa, linanguruma. Juu kabisa, kati ya mifuko, uso wa saa ulikuwa ukimtazama.

Aliegesha pikapu yake katikati ya lango, akazima, akatia ufunguo mfukoni.

"Kaka Hosea," Diwani akaja anatabasamu, "unatuzibia njia."

"Ndiyo."

"Mzee wangu, lori lina ratiba."

"Na mimi nina mtoto humo."

"Ndani ya lori?"

"Hilo niambieni nyinyi. Alama yake mmeizoa. Sasa yeye yuko wapi?"

Diwani akacheka kidogo, kisha akaacha. "Mzee, vilikuwa vikombe vibovu. Tulitaka pawe pasafi. Tulikuwa tunamheshimu Mama Verlene."

"Kwa kuwafuta watu wake? Bibi yako aliyekulea, Alvin, amelala wapi? Nionyeshe kwa kidole."

Diwani akanyoosha kidole kwenye misonobari. Akakihamisha. Akakishusha.

"Palikuwa na birika," akasema.

"Palikuwa."

Hapo Mama Ozella Crump, mwenye miaka zaidi ya tisini na subira ya dakika moja, akatoa kichwa kwenye dirisha la gari la mjukuu wake. "Mtatazamana hivyo mpaka Bwana arudi? Mwageni hilo lori!"

Dereva akasema hawezi bila ruhusa ya ofisi.

"Ofisi si hiyo hapo," Mama Ozella akasema, "imevaa fulana ya njano?"

Diwani akatazama chini. "Mwaga," akamwambia dereva.

Vikamwagwa, na vingine vikavunjika upya. Mumeo alipiga magoti na suti yake akapekua kwa mikono. Bakuli la Joylene alilipata, limemeguka ukingo. Lakini bakuli mkononi si kaburi. Ardhi yote ilikuwa sawa, kila msonobari umefanana na mwenzake. Alizunguka nalo kama mtu aliyepotea uani kwake, akiitukana kamati, meya na gavana, kila mmoja kwa zamu yake.

"Punguza kelele, Hosea," Mama Ozella akasema. "Mlete huyo mtoto hapa."

Vijana wawili wa fulana za njano walimshusha bibi huyo garini, wakambebea kiti hadi kwenye kaburi la marehemu mumewe, ambaye ni mmoja wa wachache wenye jiwe.

"Mimi hukaa hapa kila Jumapili," akasema, "na mguu wa kiti changu ulikuwa ukikaribia kuligonga hilo bakuli. Verlene alinigombeza mpaka kanisani. Weka hapo. Si hapo! Unataka kumlaza mtoto juu ya mume wangu? Sogea kulia. Tena. Hapo."

Mumeo akapapasa chini ya vumbi la reki, akakuta kibonde kidogo, cha urefu wa mkono wake. Akaliweka bakuli. Tulimwacha akae.

Kisha mtu akasema, "Kama Joylene yuko pale, basi saa hii ni ya Mjomba Leander, alikuwa miguuni pake." Mwingine akasema, "Na kushoto kwa Leander ni taa ya shangazi yangu." Ikawa hivyo, kila aliyepatikana anamwonyesha jirani yake. Wageni walibeba vikombe kwa mikono miwili, hakuna aliyewaagiza. Diwani alibaki mpaka jua likazama. Alipata kifuniko cha birika tu.

Mumeo bado ana hasira na anataka ijulikane. Diwani amesema mwakani siku ile itakuwa na bango lenye jina lako. Mumeo amemjibu, "Wewe lete mikono. Bango liache ofisini."

Vyombo ambavyo havijapata watu wao viko kwenye kibaraza cha kanisa la Mlima Nebo. Yeyote anayekumbuka nani alilala jirani ya nani, hata kwa kubahatisha, aje Jumamosi asubuhi na viatu vya matope. Hotuba hakuna. Kunde zitapikwa na Hosea, na kwa hilo tunaomba radhi mapema.

Unakumbukwa na mumeo Hosea. Wanao Denita na Roscoe. Dada yako Earlene. Wajukuu zako wote. Mama Ozella Crump, aliyetaka jina lake litangulie la Diwani. Na Alvin Pettiway, aliyeomba awemo.

Utakaa mioyoni mwetu siku zetu zote, Verlene. Na wakubwa wakikusahau, Hosea yupo, atawakumbusha.