Mkojo wa Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Sijamwambia mtu yeyote duniani: mdogo wangu ananitia kinyaa. Kinyaa cha kushika pumzi. Ana miezi minne, kila mtu anambusu, na mimi nikimbeba najiona nimebeba mfuko unaovuja. Haya. Nimeandika.

Leo homa imemrudia mara ya tatu. Tunamwita Bosi kwa sababu anakunja uso kama meneja aliyecheleweshewa chai. Daktari anataka mkojo, aone kama ugonjwa umo humo. Mama kapewa kimfuko cha plastiki chenye gundi, unambandika mtoto huko mbele, unangoja. Tumengoja masaa mawili. Kikajaa — halafu gundi ikaachia upande mmoja, wote ukanimwagikia mapajani. Wa moto! Na sketi ya shule! Bibi kacheka mpaka akatafuta pa kujishikilia. Eti mke mwenzangu, wewe ulinikojolea mwaka mzima na sikukushtaki popote.

Kubandua ile gundi, ngozi ikabaki nyekundu kama imepigwa pasi. Bosi alilia sana. Mimi nilikuwa bafuni najisugua.

Jumanne, 4 Machi

Sikwenda shule, mama alihitaji mikono. Kliniki. Chumba kidogo, kitanda kimetandikwa plastiki ya kijani. Harufu ya dawa ya sakafu na maziwa yaliyochacha.

Nesi mcheshi, kasema vimfuko tuachane navyo, kuna njia ya mikono. Mtoto ananyonya, anaoshwa, mmoja anamning'iniza kwa makwapa, mwingine anamgongagonga chini ya kitovu kwa ncha za vidole, kisha anamsugua kiunoni kwa vidole gumba. Tena na tena. Ukianza kutoka, wa mwanzo unauacha, unaofuata unaukinga na kikombe. "Hewani, dada, umenisikia? Usiguse kitu chochote!" Nikaitikia kwa kichwa. Yaani mshika kikombe ni mimi!

Wakagonga, wakasugua. Wapi. Nesi akaitwa chumba cha pili. Mama akaitwa dirishani na kadi yake, akamlaza Bosi. Mwangalie, narudi sasa hivi.

Ndipo akafungulia. Mchirizi ulipanda juu kama bomba la bustani, ukanipiga mdomoni. MDOMONI. Nikaruka nyuma na kikombe changu kitupu. Alipomaliza, kidimbwi cha manjano kilikuwa kimezunguka mgongo wake kwenye plastiki, na ndani unaelea unywele, mrefu, si wetu. Nikamwinua kwa mkono mmoja. Kwa mwingine nikakunja pindo la plastiki, nikaumiminia kikombeni. Unywele niliutoa kwa kucha.

Mama akarudi. "Umepata? Hongera, mama yangu!" Nesi naye kanisifu, eti nina mkono wa kinesi. Nilitaka kusema. Nasomeshwa kwa lugha mbili, na zote mbili zilinikauka.

Jumatano, 5 Machi

Nimepiga mswaki mara tano. Sina zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Majibu. Wadudu aina tatu kwenye mkojo! Daktari hawezi kujua ni wa mtoto au wa nje, na hatampa dawa kali kwa kubahatisha. Kesho saa nne Bosi atawekewa mpira — mrija mwembamba, unaingizwa huko huko mkojo unakotokea, mpaka kwenye kibofu. Mama kauliza, ataumia? Daktari kasema watamshika.

Watamshika.

Mama akabembeleza, si tujaribu tena kwa mikono? Hapana. Kila kitu kilifanywa sawasawa na bado ulitoka mchafu, kurudia ni kupoteza siku. Kilifanywa sawasawa! Nilikuwa nimekaa pale pale, naangalia vidole vya miguu yangu.

Nyumbani mama anasema kosa ni lake, hakumwosha vizuri. Bibi naye kachochea: akina mama wa siku hizi, mtoto anapanguswa na vitambaa vya manukato kama meza ya hoteli. Jioni mama kamwosha Bosi mara tatu kwa sabuni, mpaka pale palipobanduliwa gundi pakachubuka. Anaosha huku anamwomba msamaha. Nilisimama mlangoni na taulo. Nikampa taulo. Basi.

Bosi hanuki tena chochote, sabuni tu. Anayenuka humu ndani ni mwingine.

Jumamosi, 8 Machi

Saa moja na nusu asubuhi. Kusema siwezi, kwa hiyo nimeandika kwenye karatasi ya pembeni, nimpe asome: Mama, ule mkojo niliuzoa kitandani. Nilianza kwa lugha ya shule, ikawa kama barua ya kuomba kazi. Nimeichana. Sasa ni mstari mmoja tu. Akiusoma kabla hatujatoka, atamwambia daktari, watarudia kwa mikono na mpira hautakuwepo. Mstari mmoja!

Kandambili za mama. Zinakuja huku. Bosi ana kwikwi. Mama anamwambia kwa sauti ya kuchezea, leo dada ndiye atakayekushika, eeh, mimi nitashindwa, dada hana woga.

Mimi! Nimshike mimi!

Anagonga. Anauliza nimevaa? Nasema bado. Nafunga daftari. Na karatasi — naikunja naitia humu humu, kwa sasa tu, kwa sasa t