Tairi Zisizopata Pancha

Tluway, rafiki yangu,

Zimefika. Zile tyubulesi zako, tairi zisizotumia tyubu, ulizonichosha nazo mwaka mzima mpaka nikakuambia nenda kalale nazo, zimefika udongo wa kaburi lako haujakauka. Kumbe mgeni wako yule mwendesha baiskeli, aliyeahidi kukutumia, hakuwa mwongo. Mkeo ndiye aliyeniletea, pamoja na chupa ya ile dawa ya kumimina ndani ya tairi. Akasema, "Shemeji, zifunge wewe. Mimi siwezi kuziona humu ndani."

Nikazifunga kwenye baiskeli yangu ya mbio. Ee bwana, zilinitesa! Pampu yetu ya mkono haikuweza kuzikalisha kwenye rimu, upepo ukawa unatokea pembeni tu. Nikaishia kwa mafundi wa tairi za malori pale Karatu mjini. Wakazijaza kwa mashine, zikalia pa! pa! mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Ungecheka ukakaa chini. Mimi nilisimama tu nimeshika usukani.

Sasa sikia. Hazipati pancha. Nimekwenda Rhotia, nimeshuka mpaka Mto wa Mbu nikapanda tena, nimepita palepale ambapo mikokoteni ya punda hudondosha miiba ya kuzungushia maboma. Wapi! Mwiba ukiingia, dawa inaziba ndani kwa ndani, wewe unaendelea kukanyaga. Ulisema hivyohivyo nikakubishia. Haya, umeshinda.

Lakini kuna jambo hukulifikiria, wala mimi sikulifikiria. Sisi tulikuwa tunaongea wakati wa kuziba pancha. Juu ya baiskeli ilikuwa kuhema tu, na nyumbani kuna watu. Ila tukikaa kando ya lami, wewe umeshika gundi ya solusheni, mimi nasugua tyubu kwa msasa, maneno yalitoka yenyewe. Hapo ndipo uliponiambia daktari ameona nini kifuani mwako. Ulisema huku unapuliza solusheni ikauke, hukunitazama. Na hapo ndipo nilipokuambia kwamba mimi, mtu mzima na ndevu zangu, bado namwogopa baba yangu. Ukasema, "Mchaga wewe, kumbe kuna kitu unakiogopa kuliko kupandishiwa bei!" Nilicheka mpaka machozi.

Tangu tukuzike sijaongea na mtu. Nasalimia, naagiza chai, basi. Mama Neema akiniuliza una nini, namjibu sina kitu. Leo asubuhi amesema amechoka kuwa mke wa ukuta, anachukua watoto anarudi kwao Marangu. Nilitaka kumwambia yote. Mdomo ukakataa, Tluway. Nikachukua baiskeli nikaondoka, nikamwacha anakunja nguo.

Karibu na njia ya kwenda Daa nikasikia tsss nyuma yangu. Mungu anisamehe, nilifurahi! Nikaruka chini, nikaipindua baiskeli, nikakaa kwenye majani upande wangu, nikakuachia upande wako. Nikafungua mdomo nianze. Povu jeupe likachungulia kwenye tundu, likaganda, sauti ikanyamaza. Tairi ngumu kama haijaguswa. Niliipiga ngumi. Nikalia palepale kama mtoto, magari ya watalii yakipita, na mzungu mmoja akanipungia mkono.

Nisamehe, ndugu yangu. Tairi zako nazivua leo hii. Ni nzuri kweli, ila mimi siziwezi. Nimesharudi nyumbani, nakuandikia nikiwa uani, tyubu zetu za zamani zipo hapa magotini. Nikishazifunga, nitachukua mwiba nitoboe moja mwenyewe, kisha nimwite Mama Neema aje anishikie nikisugua. Nitajifanya siwezi kuziba peke yangu. Nitamwambia ninavyokukumbuka, na kwamba kila nikiamka nasahau kuwa umekufa, halafu nakumbuka.

Pumzika, Tluway. Nakuahidi nitaongea, hata kama ni neno moja. Ila nasikia Mama Neema anaburuta sanduku kuelekea barabarani, na mimi hata tairi ya kwanza sijaivua.