Ua Lililonyauka Kabla ya Hukumu

Jumatatu, 4 Machi

Limechanua! Miaka saba tangu nilipouchavusha mmea mama yake kwa mkono wangu, nikiwa bado ndani ya sare ya shule — na leo okidi yangu imefungua ua lake la kwanza. Shangazi akalitazama kama hakimu amtazamavyo mwizi wa kuku. Akatoa rula. Petali nyembamba, akasema, zimejikunja kama masikio ya mbuzi. Hata maksi sitini hazifiki. Na kikonyo je, nikauliza? Kinene, kimesimama wima bila fimbo, kimebeba matumba tisa! Akajibu kwamba majaji hawapandi gari kuja kutazama kikonyo.

Uongo mtupu! Nusu ya hukumu ni ua, nusu ya pili ni uzazi: mmea huu utawarithisha nini wanawe? Lakini nusu hiyo ya pili haipimwi kwa rula, kwa hiyo hapa haipo.

Sheria ya kitalu chake ni moja. Mche mpya huhukumiwa mara moja tu, siku unapochanua mara ya kwanza. Ukipita, unafanywa mzazi, na jina la aliyeuzalisha linaandikwa. Ukishindwa — jalalani. Majaji wanakuja Jumamosi.

Jumanne, 5 Machi

Vita mezani. Nilisema wanachokijua wote na kukinyamazia: Malkia wake, lile ua jeupe la duara kama sahani ambalo majaji hulipigia magoti kila mwaka, ni tasa. Chavua anayo, lakini kila akichavushwa yeye, tunda hudondoka likiwa changa. Na bila fimbo hulala kifudifudi! "Mnaivika taji sura," nilisema, "na ukoo wote unaishia kwenye sahani!"

Shangazi aliendelea kutafuna.

"Umemaliza hotuba, mheshimiwa? Chuo kimekusimamisha kwa mdomo huohuo, na bado hujaufunga. Kizuri chajiuza, mwanangu. Kibaya chajitembeza. Na wewe chako unakitembeza tangu jana."

Mumewe akacheka hadi akapaliwa. Apaliwe tu.

Alhamisi, 7 Machi

Limenyauka.

Jana jioni lilikuwa imara. Leo petali zimelegea kama karatasi iliyolowa. Si kiu, si ugonjwa — nilichutama, nikachungulia ndani. Nguzo ya katikati imevimba na kujifunga. Limechavushwa! Okidi ikishapata chavua haina haja ya mapambo tena. Inajinyausha yenyewe, nguvu zote zinashuka shingoni mwa ua, ambako tunda hukua. Banda la okidi lina neti, nyuki hapenyi. Huu ni mkono wa mtu, na kijiti.

Nikaenda kwa Malkia. Ua lake la chini kabisa, lililojificha nyuma ya jani: vile vidonge viwili vya chavua ya manjano havipo. Na ufunguo wa banda hulala chini ya mto wa nani?

Nikamkabili akichanganya mbolea. "Shangazi, umeliua."

"Labda joto."

Joto! Tangu lini joto likashika kijiti? Alijua anachokifanya: ua lililonyauka halipimiki, na lisilopimika hutupwa. Ametoa hukumu gizani, siku mbili kabla ya mahakama kukaa. Hata madhalimu wa chuoni hutangulia kubandika tangazo!

Jumamosi, 9 Machi

Naandika mlango ukiwa na komeo.

Majaji walikuja wawili, muuza maua na mfamasia mstaafu. Malkia alipata maksi tisini na mbili, ameegemea fimbo yake kama mgonjwa wa wodini. Wakafika kwenye okidi yangu. Nilisema yote — kikonyo, matumba, chavua iliyoibwa. Mfamasia akalinyanyua ua kwa ncha ya kalamu. "Kijana, hili si ua. Hii ni soksi." Wakacheka. Jalalani, wakasema.

"Liacheni hapo," Shangazi akasema haraka. "Nitalitupa mwenyewe."

Nikasema ni langu, nitalitupa mimi. Nikashika chungu. Naye akashika. Mikono minne, chungu kimoja! Nikavuta.

"Usivute hivyo! Utavunja shingo!"

Kicheko kikakatika. Muuza maua akamtazama Shangazi, kisha akautazama mmea, kisha akamtazama tena. Shangazi akaachia. Nami nikakimbia nacho hadi chumbani.

Wageni wameondoka, nimelisikia gari. Sasa yuko nje ya mlango. Alianza kwa kufoka: mwizi, mjeuri, nyumba hii ni ya nani? Kisha sauti nyingine, ya chini, ambayo sijawahi kuisikia ikitumika kwangu.

"Usiiweke dirishani, jua litaichoma. Na maji usimwagie juu. Mwagia mizizi tu."

Nimekipakata chungu.

"Mtoto wa kaka yangu. Niambie basi. Imeanza kuvimba?"

Nimeisogeza taa. Nyuma ya ua lililonyauka, shingo imekuwa nene, kijani, imebana.

Anagonga tena. Kwa kidole kimoja.