Kazi kwa Baba Yake Kinanda

3 Machi

Kwako Dada Bandeji,

Hujambo, Dada? Watoto hawajambo? Na ule mguu, bado unakusumbua ukisimama sana? Mimi ni mzima, isipokuwa mgongo, ambao siku hizi unalalamika kuliko mama mkwe.

Najua mwaka umepita sijakuandikia hata mstari. Nisamehe. Tangu tuvue magwanda nimepiga hodi kwenye ofisi mpaka soli ya kiatu imekwisha. Kila meza swali ni lile lile: "Unajua kufanya nini?" Nikisema miaka kumi na moja nimeendesha lori la jeshi, wananiangalia sikio la kushoto, lile lililokufa, wananiambia dereva asiyesikia honi hawamwezi. Kijana mmoja mwenye tai akaniuliza kama nina uzoefu wa kuhudumia wateja. Nikamwambia wateja wangu walikuwa wamelala nyuma ya lori wakivuja damu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kulalamika. Hakucheka. Nikachukua bahasha yangu nikatoka.

Sasa nimepata kazi, na hapo ndipo penye maneno. Unakumbuka marehemu Kinanda wetu alivyokuwa akijisifu kwamba hakuna cherehani mbovu iliyomshinda baba yake kuitengeneza? Nilikwenda kwa huyo baba. Miaka mitano nimekuwa nikijivuta, safari hii nikasema potelea mbali, naenda kutoa pole. Nikavaa shati jeupe. Nikamkuta mzee kainamia mashine, miwani imeshuka mpaka puani. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Umekuja kwa ile kazi? Hebu shika hapa." Nikashika. Nilipokuja kuachia, jua lilikuwa limeshageuka upande wa pili, na mzee ananiuliza kama kesho nitawahi.

Nilikwenda kutoa pole, nikatoka na kazi. Hii ni wiki ya sita. Hajui mimi ni nani. Ananifundisha kupanga yale meno ya cherehani yanayovuta kitambaa, vidole hivi vilivyozoea usukani wa lori, na nikiangusha skrubu anasema, "Taratibu, mwanangu." Dada, neno hilo linanichoma.

Nifanyeje?

Mdogo wako,
Gia

21 Machi

Mdogo wangu Gia,

Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa bado unaandika kama kuku aliyekanyaga wino. Sisi huku wazima. Mguu nimeuzoea, na wenyewe umenizoea.

Na mimi nina habari. Cheti changu cha jeshi walikikataa hospitalini. Nilirudi chuoni, nikakaa dawati moja na mabinti wanaoniita Mama. Nimemaliza. Niko wodi ya wazazi sasa, napokea watoto. Siku ya kwanza mtoto alipolia nilikimbilia begi la bandeji. Mkunga mkuu akanishika bega akaniambia, "Tulia, huyu amefika tu."

Kuhusu mzee, mwambie. Usimwibie mtu huzuni yake. Akikufukuza utakuwa umefukuzwa ukiwa mtu wa kweli. Lakini mwambie ukiwa umekaa, na mkewe awepo.

Dada yako

30 Aprili

Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na watoto na hao vichanga wako wote.

Nimemwambia. Ilikuwa Jumapili, mchana. Mama yake Kinanda alikuwa anapanga vyombo kabatini. Nikasema, "Baba, mimi sikuja hapa kwa ajili ya kazi. Nilikuwa dereva wa mtoto wenu." Sahani haikuanguka, Dada. Mama aliiweka mezani polepole sana, akakaa.

Mzee aliondoa miwani. Akaniuliza ilikuwaje, maana jeshi liliwaletea sanduku na karatasi yenye mistari miwili. Nikamweleza. Kwamba adui alikuwa ameweka mawe barabarani. Kwamba Kinanda alishuka kuyaondoa ili lori lipite, na hakuna aliyemtuma, alishuka tu huku akipiga mluzi. Kwamba alilisukuma la mwisho, nikasogeza lori nikampita kidogo, ndipo risasi zikaanza. Kwamba nyuma tulikuwa na majeruhi wawili, na nikaondoa lori, nikamwacha kando ya barabara, na mwili wake ukachukuliwa siku mbili baadaye.

Akauliza, "Mlipomwacha, alikuwa hai?"

Nikasema, "Hapana, Baba. Tulikuwa na nesi. Alimpima, hakuwa na mapigo. Ndipo akaniambia niondoe gari."

Alifuta miwani kwa pindo la shati. Kisha akasema, "Kumbe alishikwa na mtu. Mimi miaka yote nilidhani alikufa peke yake." Mama akalia, kilio cha mtu aliyetua mzigo. Baadaye akafungua chumba cha Kinanda, akafagia, akaniambia nihamie. Ndimo ninamoandikia barua hii.

Wanataka kukuona, Dada. Mama anasema mikono iliyomgusa mwanawe mwisho anataka kuishika. Njoo hata siku moja. Umeninyanyua wewe, na hujui.

Mdogo wako,
Gia

12 Julai

Dada,

Hujambo? Kimya kingi. Je, ni mguu? Watoto? Au barua ilipotea njiani? Mama anauliza kila wiki nesi amesema anakuja lini, na mimi nimeishiwa uongo. Nijibu hata neno moja.

Gia

2 Septemba

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Barua yako haikupotea. Nimekuwa nikitembea nayo mfukoni mwa sare kwa miezi minne.

Kaa chini, Gia.

Sikumpima.

Nilikuwa nyuma ya lori, vidole vyangu viwili vimezama pajani kwa yule koplo, nimebana mshipa. Ningevitoa, angekwisha pale pale. Yule mwingine alikuwa ananivuta mkono akiniita mama yake. Kinanda alilala kama hatua thelathini nyuma yetu, kifudifudi. Nilimwita mara mbili, hakujibu. Risasi zikawa zinatoboa turubai. Nikapiga ngumi bati la kabini, nikapiga kelele: "Nimempima, hana mapigo, endesha!" Nilisema hivyo kwa sababu nilikujua. Usingeondoka bila kumchukua, na tungekufa wote watano.

Kwenye ripoti nikaandika hivyo hivyo. Sahihi yangu iko pale.

Unaweza kuniuliza kama alikuwa hai. Sijui. Nimehesabu kila namna, na jibu langu ni hilo tu, sijui. Yule koplo sasa ana duka la viatu na watoto watatu. Yule mwingine ni mwalimu. Huwa nayataja majina yao kimoyomoyo nikishindwa kupumua, na bado hawatoshi.

Wodini nampima kila mama mapigo mara tatu. Wenzangu wananitania, wananiita Saa ya Ukutani. Nacheka nao.

Nilikuambia usimwibie mzee huzuni yake, na huku mwizi ni mimi. Siwezi kuja kushikwa mikono na yule mama. Ukitaka kuwaambia, waambie. Ukitaka kunishtaki jeshini, jina langu unalijua. Ila usijilaumu wewe. Wewe uliamini tu.

Dada yako, kama bado unaniita hivyo

19 Oktoba

Dada,

Natumaini u mzima, na ninasema kwa dhati.

Umeandika kwamba mimi niliamini tu. Hilo nalo ni uongo, na ni wangu.

Nilipoondoa lori nilitazama kioo cha pembeni. Nilimwona Kinanda akiinua mkono. Hakuuinua juu, kiasi tu cha kiwiko kutoka ardhini, kisha vumbi likafunika. Wala sikukuona ukishuka garini, na nisingeweza kukosa kukuona, kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye kioo hicho muda wote. Nilijua hukumpima. Lakini ulikuwa umenipa neno la kushikilia, nikalishikilia kwa mikono yote miwili, nikakanyaga mafuta. Miaka mitano nimejiambia ni upepo ulivuta mkono wa shati. Shati lilikuwa limelowa damu, Dada. Halikupepea.

Kwa hiyo usibebe peke yako. Wewe hukujua. Mimi niliona.

Sina ugomvi na wewe, na sitakushtaki kwa mtu yeyote. Lakini naomba usinijibu. Nikiona mwandiko wako nauona ule mkono, na nadhani wewe pia ukiuona wangu.

Nikueleze tu barua yako ilivyofika, kisha nimalize. Tarishi alimpa Mzee mlangoni. Mzee hakuifungua. Alikuja nayo mbio, mtu wa miaka sabini na mbili, anaita, "Nesi amejibu! Nesi amejibu!" Akazima mashine, akavuta kigoda, akakaa mbele yangu. Mama akatoka uani, mikono imejaa povu la sabuni. Wakasubiri nisome.

Nikasoma kimya mpaka mwisho. Sijui uso wangu ulikuwaje.

Mzee akauliza, "Anasemaje?"

Nikasema, "Anawasalimu. Anasema kazi imembana, hataweza kuja."

Mama akasema, "Na mwanangu? Hakusema lolote juu ya mwanangu?"

Nikasema, "Amesema hakuumia. Amesema alimshika mkono mpaka mwisho."

Mama akajifuta povu kwenye kanga, akasogea karibu, akaniomba nimsomee tena mahali hapo, polepole, kama ulivyoandika wewe mwenyewe.

Nikaifungua karatasi, nikamsomea.

Mdogo wako