Sauti Yangu Imemsalimia Mama

Ijumaa jioni, Evere. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyolowesha vizuri wala kumwacha mtu akauke. Hita ya chumbani inawaka lakini vidole vyangu bado ni baridi.

Naogopa. Nimeona niandike hivyo kwanza, nisije nikajificha nyuma ya maneno mazuri.

Ijumaa ni siku yetu ya katuni, mimi na mdogo wangu Salma. Si katuni za watoto. Ni zile filamu za Kijapani zenye mashine zinazofikiri na watu wasio na hakika kama bado ni watu. Leo Salma alichagua ile tunayoirudia mara nyingi, ya msichana ambaye mwili wake wote ni chuma. Kila asubuhi daktari humwomba asimulie kumbukumbu moja ya utotoni, ili kuhakikisha kwamba bado ni yeye. Msichana husimulia jinsi baba yake alivyokuwa akimmenyea tunda kwa kisu kidogo, ganda likining'inia bila kukatika. Siku moja anagundua kwamba husimulia kwa maneno yaleyale, na huvuta pumzi mahali palepale. Anauliza: ninakumbuka, au ninasoma tu? Daktari anaandika kitu, anaondoka.

Chuoni niliandika kurasa nyingi kuthibitisha kwamba ndani ya msichana yule hamna mtu. Nilipata alama nzuri. Salma, anayesomea uuguzi, hajawahi kunikubalia.

"Akilia, analia," alisema leo tena. "Weye unataka nini zaidi, cheti?"

Kwa kawaida tunabishana mpaka Mama atufokee. Leo nilichukua rimoti nikaongeza sauti ya filamu.

Mimi ni karani katika kampuni ya bima, kwenye mnara mmoja karibu na stesheni ya Gare du Nord. Napokea simu za wateja kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili kwa ajili ya wazee wetu waliohamia huku ugenini kutoka Bujumbura na Lubumbashi. Miezi michache iliyopita niliombwa niipe kampuni sauti yangu. Nilikaa kwenye kijumba cha kioo kisichopitisha kelele, nikasoma sentensi mpaka koo likawasha: pole sana, nimekuelewa, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Mashine ingejifunza kwangu, kisha ipokee simu za Kiswahili. Nilitia saini kwa sababu mkataba wangu unakaribia kwisha, nikadhani mtu asiyekataa hataachwa.

Wiki hii wameiwasha.

Mama anafanya kazi mtaa wa Uccle, anamtunza bibi mmoja mgonjwa. Goti linamsumbua. Leo mchana, bibi alipolala, alipiga simu kwenye kampuni yetu kuuliza kama bima italipia mazoezi ya goti. Mama haanzi na shida. Kwao Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, mtu akianza na shida ni kama amekuja kugombana. Ni salamu kwanza: umeamkaje, umekula, baridi vipi, kazi vipi, halafu tena umeamkaje. Simu yake ikiangukia kwangu, huwa namkatiza. Simu zetu zinapimwa, na anayezungumza sana huitwa na mkuu. "Mama, sema shida, nina watu," namwambia kwa sauti ya chini. Naye husema shida.

Jioni nilipofungua mlango, alinikumbatia koti langu likiwa bado limelowa.

"Mwanangu, leo umeniongelesha! Bon, sikujua uko na roho ile. Nimekuuliza yote, umejibu yote. Hata ukaniuliza kama goti linauma nikipanda ngazi."

"Simu gani, Mama?"

"Weye nawe! Si ile ya mchana. Na haukunikimbiza."

Mchana nilikuwa kwenye kikao.

Kila simu inaanza na tangazo la Kifaransa, la harakaharaka, linalosema kwamba unazungumza na mashine. Mama hasikilizi Kifaransa cha mwanzo. Wazee wetu karibu wote hawakisikilizi. Kwao ni kama ule muziki wa kusubirisha, wanangoja Kiswahili ndipo waweke simu vizuri sikioni. Nami ninayewajua, sikulifikiria hilo hata mara moja.

Sikumwambia. Nilivua koti, nikasema ndiyo, leo hakukuwa na watu wengi.

Kama ingekuwa ni kazi tu inayonitoka, ningejua namna ya kuogopa. Nina mazoea. Lakini mashine haikuiba kitu. Kila neno alilosikia Mama lilitoka kinywani mwangu. Nilikisalimia kioo kwa upole ambao sijawahi kumpa yeye.

Na mimi ninayesema "sema shida, nina watu", kwa maneno yaleyale, nikivuta pumzi mahali palepale, ndani yangu yumo nani?

Filamu ilipokwisha nilisimama niende jikoni nikamweleze Mama. Alikuwa anamrekodia dada yake wa Bujumbura ujumbe wa sauti, huku akikoroga chai.

"Kijana wangu ameniuliza mpaka ngazi. Ngazi, dada! Nani anafikiria ngazi?"

Swali la ngazi ni la kampuni. Linaulizwa kwa kila mteja mwenye goti bovu.

Nilisimama pale mlangoni. Aliponiona alicheka, akanisukumia kikombe, akasema Jumatatu atapiga tena kazini kwangu. Hana shida yoyote, anataka tu kunisalimia. Nilikunywa chai yote, nikarudi chumbani. Salma aliniuliza nina nini, nikasema usingizi.

Kumwambia siwezi. Kumwacha aendelee kuisalimia mashine nako siwezi.

Nimeamua nimtangulie. Jumatatu, wakati wa mapumziko, nitashuka hadi mbele ya stesheni nimpigie mimi mwenyewe, kabla yeye hajapiga. Nitamuuliza ameamkaje, amekula nini, bibi anayemtunza anaendeleaje. Nitamwacha arudie kila salamu mara anazotaka. Sitaangalia saa.

Naogopa atasikia tofauti.

Naogopa zaidi kwamba atanipenda vilevile, kwa heshima, kisha atakata simu na kuipigia ile sauti nyingine.